Miaka 100 ya YIVO: Taasisi Iliyojengwa na Waokota Karatasi

Tarehe 24 Machi 1925, walimu na viongozi wa Kiyahudi wa mji wa Vilna walikutana kujadili waraka uliotoka Berlin. Aliyeuandika, Nokhem Shtif, alikuwa mwanaisimu mhamiaji asiye na chuo nyuma yake wala tajiri wa kumfadhili. Alipendekeza ianzishwe taasisi ya kitaaluma itakayochunguza historia, lugha na maisha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, tena kwa kutumia lugha yao ya kila siku, Kiyidishi. Kikao kiliafiki. Agosti ya mwaka uleule ukafanyika mkutano mwingine Berlin, na taasisi ikapata jina, Yidisher Visnshaftlekher Institut, yaani Taasisi ya Sayansi ya Kiyidishi. Watu wakalifupisha kuwa YIVO. Shtif mwenyewe hakukaa kuilea. Mwaka 1926 alihamia Kyiv kufanya kazi ya namna hiyohiyo chini ya Wasovyeti, na alifariki huko mwaka 1933. Wazo lake lilibaki Vilna, na mwaka 2025 lilitimiza miaka 100.

Taasisi nyingi za kuhifadhi historia duniani zina serikali, mfalme, kanisa au chuo kikuu cha kuziegemeza. YIVO haikuwa na hata kimoja. Ilisimamishwa na walimu wa shule za msingi, mafundi cherehani, makarani na vijana wa vijiji vidogo waliookota karatasi na kuzituma kwa posta. Na ilipovamiwa, hakuna jeshi lililokuja kuilinda. Waliozificha karatasi zile walikuwa watu wa aina ileile, mikono mitupu. Naamini mambo hayo mawili hayatengani, na ndiyo sababu historia ya YIVO inastahili kuelezwa kuanzia kwa wakusanyaji wake kabla ya kuwataja maprofesa.

Vilna, ambao leo ni Vilnius, mji mkuu wa Lituanya, wakati huo ulikuwa chini ya Poland. Karibu theluthi moja ya wakazi wake walikuwa Wayahudi, na kwa karne nyingi mji huo uliitwa Yerusalemu ya Lituanya kwa wingi wa wanazuoni, wachapishaji na maktaba zake. Kiyidishi kilisemwa na mamilioni ya watu kutoka Baltiki hadi Bahari Nyeusi, na pia New York, Buenos Aires na Johannesburg. Huandikwa kwa herufi za Kiebrania, mizizi yake mikuu ni ya Kijerumani, na ndani yake mmejaa maneno ya Kiebrania na ya lugha za Waslavi. Hata hivyo Wayahudi wengi waliosoma walikidharau. Waliona ni lugha ya jikoni na sokoni, lugha ya mama asiyejua kusoma. Aliyetaka kuandika jambo zito aliandika kwa Kijerumani, Kirusi au Kiebrania.

Max Weinreich, aliyekuja kuwa nguzo ya YIVO, alizaliwa mwaka 1894 katika mji mdogo wa Latvia ya leo, katika nyumba iliyosema Kijerumani. Kiyidishi alikichagua mwenyewe akiwa kijana, na shahada yake ya udaktari aliipata Marburg kwa utafiti juu ya historia ya masomo ya lugha hiyohiyo. Alipoanza kazi, ofisi ya YIVO ilikuwa chumba kimoja katika nyumba aliyoishi. Pamoja naye walikuwapo Zalmen Reyzen, mhariri wa gazeti na mtunzi wa kamusi kubwa ya waandishi wa Kiyidishi, na Zelig Kalmanovitch, mwanafilolojia mkali wa maneno. Idara zilikuwa nne: ya lugha na fasihi, ya historia, ya uchumi na takwimu, na ya saikolojia na elimu. Baadhi ya wakuu wake waliishi Berlin na New York, kwa hiyo taasisi iliendeshwa kwa barua. Albert Einstein, Sigmund Freud na mwanahistoria Simon Dubnow walikubali kuwa wajumbe wa heshima.

Dubnow ndiye aliyekuwa ameitoa hoja ya awali. Mwaka 1891 aliwataka Wayahudi wa Urusi wakusanye nyaraka zao wenyewe, kwa kuwa taifa lisilo na dola halina ofisi ya serikali ya kulitunzia kumbukumbu. YIVO iliichukua hoja hiyo na kuifanya kazi ya kila siku.

Wakusanyaji waliitwa zamlers. Hawakulipwa. Taasisi iliwatumia vijitabu vya maelekezo na hojaji: andika methali unazozisikia, andika michezo ya watoto, nyimbo za kubembeleza, dawa za kienyeji, imani juu ya jicho baya, namna ya kuoka mkate wa sikukuu, majina ya utani ya watu wa mji wako. Majibu yalimiminika kutoka miji ambayo haipo kwenye ramani nyingi. Mkusanyaji mmoja angetuma methali kadhaa kwenye ukurasa wa daftari la shule, mwingine daftari la mihtasari ya chama cha mazishi lenye miaka 100, mwingine tangazo la mchezo wa kuigiza alilolibandua ukutani. YIVO ilikubali vyote. Tiketi za maonyesho, kadi za chama, ankara, barua za mapenzi, mabango ya uchaguzi, mitihani ya watoto, hakuna kilichoonekana duni. Wakati huo wanahistoria wengi wa Ulaya walikuwa bado wanashughulika na wafalme na mikataba, na hapa palikuwa na taasisi changa iliyoamini kwamba maisha ya fundi viatu ni ushahidi wa kihistoria. Kwangu mimi huo ndio mchango wake mkubwa kuliko vitabu vyote ilivyochapisha, na vitabu hivyo si haba.

Fedha zilikuwa tabu siku zote. Serikali ya Poland haikutoa cha maana, na michango ilitoka kwa wanachama, vyama vya wafanyakazi na jamaa walio ng'ambo. Mwaka 1929 liliwekwa jiwe la msingi la jengo jipya, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 taasisi ikahamia mtaa wa Wiwulskiego, namba 18, mbali na msongamano wa mtaa wa zamani wa Wayahudi. Lilikuwa jengo safi, lenye mwanga na bustani. Ukumbini ilitundikwa ramani ya dunia iliyoonyesha mahali ambapo YIVO ilikuwa na watu wake. Mtu aliyetoka katika chumba cha giza cha mtaa wa zamani alipoingia pale aliona kwamba lugha ya mama yake ina nyumba yenye heshima.

Usidhani walikuwa na amani. Mwaka 1931 wanafunzi wa Kipoland walifanya fujo dhidi ya Wayahudi mjini, na Weinreich alipigwa jiwe lililomwondolea uwezo wa kuona kwa jicho moja. Aliendelea. Mwaka uliofuata alikwenda Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, akakutana na utafiti mpya wa saikolojia na sosholojia, na akarudi na hamu kubwa zaidi ya kuwaelewa vijana. Kijana wa Kiyahudi wa Poland, maskini, aliyefungiwa milango ya vyuo na kazi, anajionaje? Badala ya kukisia, YIVO iliwauliza wenyewe.

Mashindano ya wasifu yaliitishwa mara tatu, mwaka 1932, 1934 na 1939. Vijana wa miaka 16 hadi 22 walialikwa kuandika maisha yao kwa urefu, kwa lugha yoyote waliyoimudu, na kutumia jina la kubuni wakitaka. Maelekezo yaliwasihi waseme kweli, hata mambo madogo, na wasipambe. Waliandika zaidi ya 600. Waliandika juu ya njaa, juu ya baba anayepiga, juu ya kupoteza imani na kuipata upya katika siasa, juu ya kitabu cha kwanza kuazima maktabani, juu ya kupenda mtu asiyejua kwamba anapendwa. Sijui nyaraka nyingine za kipindi kile zinazomfanya msomaji amsikie kijana kwa namna hiyo, kijana asiye na habari ya kitakachomkuta. Sisi tunajua. Washindi wa shindano la tatu walikuwa watangazwe tarehe 1 Septemba 1939. Siku hiyo Ujerumani iliivamia Poland.

Mwaka 1935 ilianzishwa programu ya kuwafunza watafiti vijana, ikapewa jina la daktari Tsemakh Szabad, mwanzilishi mwenza aliyekuwa amefariki mapema mwaka huo. Szabad alikuwa baba mkwe wa Weinreich, na alipendwa sana na watoto wa Vilna kwa kuwatibu bila malipo. Mwandishi Mrusi Korney Chukovsky alisema ndiye aliyempa wazo la Daktari Aibolit, yule tabibu wa wanyama anayejulikana na kila mtoto aliyekulia kwenye vitabu vya Kirusi. Mwaka huohuo wa 1935 mkutano wa miaka 10 ulimleta Vilna mchoraji Marc Chagall. Mwaka 1937 taasisi ilitoa kanuni za tahajia sanifu ya Kiyidishi, ambazo mpaka leo ndizo zinazofuatwa katika masomo ya lugha hiyo vyuoni.

Vita vilimkuta Weinreich Denmark, akiwa na mwanawe Uriel, njiani kuelekea mkutano wa wanaisimu. Hakurudi Vilna tena. Mwaka 1940 alifika New York, na tawi dogo la YIVO lililokuwa pale likageuka makao makuu. Huko Vilna, Reyzen alikamatwa na Wasovyeti, waliokuwa wameuteka mji, katika wiki za mwanzo za vita, akauawa baadaye. Mji ukakabidhiwa Lituanya, kisha mwaka 1940 Lituanya yenyewe ikamezwa na Umoja wa Kisovyeti, na taasisi ikafanywa idara ya chuo cha serikali. Juni 1941 wakaingia Wajerumani.

Nyuma ya jeshi la Wanazi walikuja wataalamu wa uporaji wa kitengo cha Alfred Rosenberg, ambacho kazi yake ilikuwa kukusanya mali ya kitamaduni ya Wayahudi ili itumike katika vituo vya kuchunguza adui. Mmoja wao, Johannes Pohl, alikuwa amesoma Kiebrania na Talmud. Inaumiza kuliandika hili, lakini ni lazima lisemwe kwamba kuangamizwa kwa Wayahudi kulikuwa na wanazuoni wake. Baada ya vita Weinreich aliandika kitabu kizima juu yao, Maprofesa wa Hitler, kilichotoka mwaka 1946, na hakuwaonea huruma wenzake wa taaluma.

Mwaka 1942 jengo la Wiwulskiego 18 liligeuzwa kituo cha kuchambulia vitabu. Waliletwa wafanyakazi wa lazima, kama 40 hivi, kutoka geto, mtaa ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa mji. Kati yao alikuwamo Zelig Kalmanovitch, akichambua vitabu vya taasisi aliyoijenga. Alikuwamo Herman Kruk, mkutubi aliyekimbia kutoka Warsaw, ambaye ndani ya geto aliendesha maktaba katika mtaa wa Strashun namba 6. Desemba 1942 maktaba hiyo ilisherehekea kuazimisha kitabu cha 100,000, huku wasomaji wake wakipelekwa kwa makundi kuuawa katika msitu wa Ponary, nje kidogo ya mji. Walikuwamo pia washairi wawili vijana, Avrom Sutzkever na Shmerke Kaczerginski.

Amri ilikuwa wazi. Sehemu ndogo iliyo bora ipelekwe Ujerumani, na asilimia 70 au zaidi iende kwenye viwanda vya karatasi ikasagwe. Vitabu vya Torati vilivyoandikwa kwenye ngozi viliuzwa vitengenezewe viatu. Mabamba ya risasi yaliyotumika kuchapa Talmud mashuhuri ya kiwanda cha Romm yalipelekwa kuyeyushwa. Wafanyakazi waliwekwa mahali ambapo kila walichokigusa walikuwa wanakihukumu: hiki kiende kwa mporaji, hiki kiende kwenye mashine.

Ndipo walipoanza kuiba. Mchana walitenga barua na daftari zenye thamani. Jioni walizifunga kiunoni na kifuani, chini ya makoti, wakatembea safu kwa safu hadi lango la geto. Kama walinzi walikuwa polisi wa geto na Walituanya, mara nyingi walipita, kwa kuwa wale walitafuta mkate na siagi, na karatasi waliziona upuuzi. Walinzi hao ndio waliowapa jina Kikosi cha Karatasi. Kama palikuwa na Mjerumani langoni, walizunguka mitaa kadhaa wakisubiri zamu ibadilike, au walitupa walichobeba. Aliyekamatwa alipigwa, na kila mmoja alijua kwamba adhabu ingeweza kuwa Ponary. Sutzkever alimwomba ofisa wa Kijerumani kibali cha kubeba karatasi chakavu za kuwashia jiko, akakipata kwa maandishi. Kwa kibali hicho aliingiza barua za Tolstoy, za Gorky na za mshairi Bialik.

Walificha vitu mahali pasipopungua 10. Fundi kijana aliyekuwa amewachimbia wazee na wagonjwa handaki chini ya jengo moja la mtaa wa Shavel, lenye hewa na umeme wa kuiba, alikubali kuweka humo masanduku ya nyaraka karibu na mama yake aliyepooza. Humo viliingia shajara ya Theodor Herzl, mwasisi wa harakati ya Kizayuni, daftari la kumbukumbu la sinagogi ya Gaon wa Vilna, mwanazuoni mashuhuri wa mji huo, na michoro ya Chagall. Vingine walimpa Ona Šimaitė, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Vilnius, Mlituanya Mkristo aliyeingia geto mara kwa mara kwa kisingizio cha kufuata vitabu vilivyochelewa kurudishwa. Alikamatwa na kuteswa mwaka 1944, akanusurika.

Ndani ya geto watu wengine waliwashangaa. Mtu ana njaa, ana mtoto wa kumfichia chakula, yeye anahatarisha shingo kwa makaratasi! Swali hilo si la kupuuzwa, na wenyewe walibishana juu yake. Kalmanovitch alikuwa hata na msimamo kwamba vile vinavyopelekwa Ujerumani navyo ni heri, kwani Ujerumani itashindwa na vitabu vitapatikana. Mambo yakaja kuwa kama alivyosema, ila hakuyaona. Geto lilifutwa Septemba 1943, naye alifia katika kambi ya Estonia. Kruk alipelekwa Estonia pia, akaendelea kuandika shajara yake. Septemba 1944 alifukia maandishi yake kambini Lagedi mbele ya mashahidi wachache. Siku iliyofuata aliuawa pamoja na mamia ya wafungwa wengine, na siku iliyofuata tena Jeshi Jekundu likafika. Shahidi mmoja aliyesalimika alirudi kufukua. Shajara yake ya geto ilichapwa na YIVO mwaka 1961.

Sutzkever na Kaczerginski walitoroka na kujiunga na wapiganaji wa msituni. Julai 1944, Vilna ilipokombolewa, walirudi wakiwa na majembe. Jengo la YIVO lilikuwa kifusi, na vilivyofichwa darini viliungua. Handaki la Shavel lilikuwa zima. Katika yadi ya idara ya takataka walikuta tani kwa tani za karatasi za taasisi zikingoja kupelekwa kiwandani. Walianzisha makumbusho ya Kiyahudi, bila meza wala viti, na watu walionusurika wakawaletea viroba vya viazi vilivyojaa nyaraka.

Lakini dola ya Kisovyeti haikuwa na haja na makumbusho hayo. Wachunguzi wa usalama walikuja kuulizia kila kitabu kabla hakijasomwa na umma. Shehena nyingine zilipakiwa na serikali na kwenda kusagwa, safari hii bila Mnazi yeyote kuwapo. Kaczerginski, aliyekuwa mkomunisti wa moyo, alielewa kwamba kazi ya magendo haijaisha. Wakaanza tena kuvusha walichoweza, Poland kwanza, kisha Ufaransa, mpaka mikononi mwa Weinreich New York. Februari 1946 Sutzkever alitoa ushahidi mbele ya mahakama ya Nuremberg, akisimama muda wote. Baadaye alihamia Tel Aviv, ambako aliishi hadi mwaka 2010. Kaczerginski alifariki katika ajali ya ndege Argentina mwaka 1954. Makumbusho yalifungwa mwaka 1949.

Upande wa pili, Wamarekani walikuwa wamegundua maghala ya vitabu vilivyoporwa na Wanazi karibu na Frankfurt, wakayakusanya katika kituo cha Offenbach kilichopokea vitabu zaidi ya milioni 3. Kanuni ilikuwa kurudisha kitabu nchi kilikotoka. Vilna sasa ilikuwa Umoja wa Kisovyeti. Weinreich alipigania hoja kwamba mwenye mali ni taasisi, na taasisi ilihamia New York mwaka 1940, kabla ya uporaji. Marekani ilikubali. Lucy Schildkret, ambaye dunia ilimjua baadaye kama mwanahistoria Lucy Dawidowicz, alikuwa mwanafunzi wa YIVO huko Vilna mwaka 1938 na aliondoka siku chache kabla ya vita. Mwaka 1947 alikwenda Offenbach, akakaa miezi akitambua muhuri baada ya muhuri. Jumla ya masanduku 420 yalisafirishwa kwa meli majira ya joto mwaka huo.

Kipindi cha New York nitakipitia haraka, ingawa ndicho kirefu zaidi. Mwaka 1942 YIVO iliendesha shindano jingine la wasifu, mara hii kwa wahamiaji wazee, ikiwauliza kwa nini waliondoka nchi ya zamani na walipata nini Marekani. Ilikusanya ushahidi wa walionusurika kambini. Uriel Weinreich aliandika kitabu cha kufundishia Kiyidishi mwaka 1949 na kamusi iliyotoka mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya kifo chake, akiwa hajafika miaka 41. Baba yake alifariki mwaka 1969, na kazi yake kuu, historia ya lugha ya Kiyidishi, ilichapwa mwaka 1973. Tangu mwaka 1968 kuna masomo ya lugha kila kiangazi yenye jina la Uriel. Ensaiklopidia ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki ilitoka mwaka 2008. Hifadhi imekua kupita vitu milioni 20, na makao sasa ni mtaa wa West 16 katika jengo inaloshiriki na taasisi nyingine za historia ya Wayahudi.

Huku nyuma hakuna aliyejua kwamba Vilnius bado ilikuwa na mengi. Antanas Ulpis, mkurugenzi wa Chumba cha Vitabu cha Lituanya, Mlituanya asiye Myahudi, alikuwa amezipakia nyaraka za makumbusho yaliyofungwa na kuzipeleka katika kanisa la Mtakatifu George, lililokuwa ghala la ofisi yake. Alizifukia chini ya milundo ya magazeti ya Kisovyeti, nyingine akazichomeka ndani ya kinanda cha kanisa. Alikaa na siri hiyo mpaka alipofariki mwaka 1981. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980, utawala ulipolegea, ndipo habari ikatoka. Miaka ya 1990 sehemu ilipelekwa New York, ikanakiliwa na kurudishwa. Kisha mwaka 2017 zikatangazwa kurasa nyingine 170,000 katika Maktaba ya Taifa ya Lituanya. Mojawapo ilikuwa wasifu wa msichana wa darasa la tano, ulioandikwa miaka ya 1930. Mwaka 2020 YIVO ilifungua makumbusho ya mtandaoni, na onyesho la kwanza lilimhusu yeye.

Suala la umiliki wa nyaraka hizo lilibaki gumu. Lituanya inasema ni urithi wa nchi yake, uliookolewa na raia wake na kuhifadhiwa katika maktaba zake. YIVO inasema ni mali iliyoporwa. Naona haki ipo upande wa YIVO, lakini pia naona kwamba bila Ulpis na Šimaitė kusingekuwa na cha kugombea. Pande mbili zilikubaliana kuacha karatasi zilipo na kuzipiga picha zote. Kazi ilianza mwaka 2015. Haikupita bila misukosuko: Januari 2020 taasisi iliwaachisha kazi wakutubi wake kwa upungufu wa fedha, na wanazuoni walipinga hadharani, nami nadhani walikuwa na kila haki, kwa kuwa taasisi hii imeishi kwa wakutubi tangu siku za Kruk. Mradi ulikamilika Januari 2022, ukiwa na kurasa zaidi ya milioni 4, bure kwa yeyote mwenye intaneti. Faili nyingi zilikuwa zimegawanyika, nusu Vilnius na nusu New York, kulingana na sanduku lililoporwa na lililofichwa. Sasa mtafiti wa Buenos Aires au Warsaw huzisoma mfululizo, pamoja na majibu ya hojaji yaliyotumwa na wakusanyaji wale, mengi yakiwa bado hayajachapwa popote, wala hayajafanyiwa utafiti.